Sikio Chini ya Sakafu

Nyumba ya Mama Sebule haikuwa na saa ya kufungwa. Jina lenyewe alibandikwa na mtaa, kwa kuwa sebule yake ndiyo ilikuwa uwanja, mahakama na kituo cha redio cha watu wote wa barabara ile ya mteremko. Umegombana na mkeo? Mtakutanishwa kwa Mama Sebule, kila mtu na kochi lake. Unataka kujua nani kachumbiwa na nani karudishwa kwao? Vua viatu, ingia, kaa. Chai inakuja, ila habari itaitangulia. Mume wake alikuwa ameshafariki, watoto wameoa na kuolewa miji ya mbali, na mwenyewe hakuona haya kusema kwamba ukimya anauogopa kuliko mwizi. Mwizi anachukua chake anaondoka. Ukimya unaleta na godoro.

Kwa hiyo siku iliposikika kwamba kampuni ya jotoardhi, kati ya nyumba zote za mtaa, imeichagua nyumba yake kuweka chombo kinachohitaji utulivu, watu walicheka wakashika mbavu. Aliyecheka kuwazidi wote ni rafiki yake wa chanda na pete, mshona nguo wa nyumba ya pili, ambaye kila mtu alimwita Fundi. Nyumba zao ziligawana ukuta mmoja, na kupitia ukuta huo walishapeana habari nyingi kuliko gazeti. Fundi alimwambia kampuni imempa chura kazi ya kulinda usingizi.

Kampuni ile haikutafuta mafuta wala dhahabu. Ilitafuta joto. Mhandisi Mkuu, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliwaeleza kwenye mkutano kwamba chini ya kilima chao, kilomita kadhaa kwenda chini, upo mwamba wa granaiti, mgumu, mkavu, na wa moto kuliko tanuri la mkate. Joto tele, maji hakuna. Wangechimba kisima kimoja na kusukuma maji kwa nguvu mpaka mwamba ufunguke nyufa nyembamba. Maji yapenye humo, yachemke, yapandie kisima cha pili yakiwa mvuke, na mvuke uzungushe mitambo ya umeme. Hakuna moshi, hakuna kusubiri mvua ijaze bwawa. Watu walipiga makofi. Walikuwa wamechoka kula chakula cha jioni kwa mwanga wa simu.

Ila mwamba haupasuki kwa adabu. Kila ufa unapofunguka ardhi hushtuka, mara nyingi kidogo kiasi kwamba hata paka hageuzi shingo. Ndiyo maana kampuni ilizika vyombo vya kusikiliza sehemu mbalimbali kuzunguka kilima, na mafundi wakaviita masikio. Sikio lilikuwa kopo la chuma lenye unene wa chupa ya chai, na waya wake ulikwenda mpaka chumba cha mitambo kule juu, ambako mtu alikaa mbele ya skrini akiangalia mistari. Mstari ukitulia, taa ya kijani, sukuma maji. Ukianza kuchafuka, taa ya njano, punguza. Ukiruka, taa nyekundu, zima pampu yote.

Sakafu ya Mama Sebule ilikuwa imelala moja kwa moja juu ya jiwe. Nyuma ya jiko lake mwamba ulitokeza kama goti, na watoto waliwahi kuufanya mtelezo wa kuchezea. Fundi wa masikio, mtu wa ndevu nyingi na maneno machache, aligonga stoo kwa kisigino na kusema hapa ndipo. Mama Sebule hakukubali kavukavu. Alisema kopo lao watalizika, ila na yeye anaye mdogo wake, kijana wa chuo cha ufundi, ambaye amesugua benchi la kusubiri ajira mpaka suruali imeng'aa. Mdogo wake huyo alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni, akamtafutia ada, akamchagulia hata viatu vya mahafali. Kampuni ikafikiri, ikakubali. Mdogo mtu akapewa kiti mbele ya skrini, na dada mtu akapewa masharti: siku za kusukuma maji, nyumba itulie. Hakuna ngoma, hakuna kutwanga, hakuna umati.

Alijitahidi. Alikaa kimya wiki nzima, na majirani wanasema alikonda. Wiki iliyofuata wanawake wa kikundi chake cha kuchangiana wakaja kumpongeza mwenzao aliyepata mjukuu, mmoja akafungulia muziki, wa pili akasema wimbo huu hauketiwi, na kule juu kilimani taa ya njano ikawaka. Pampu ikapunguzwa. Mhandisi Mkuu alifoka, kwa mara ya kwanza, na akasema sikio lile lihamishwe nyumba yenye watu wenye akili zao.

Jioni ile mdogo mtu aliingia sebuleni na viatu vyake. Alimwambia dada yake kwamba sikio likihama na yeye atahama nalo, maana aliingilia mlango uleule. Mama Sebule aliapa kwamba hatarudia, na wote wawili walijua ni kiapo cha maji. Huwezi kumwambia mtu wa aina ile afunge mlango; ni kama kumwambia afunge pua. Basi wakatafuta njia ya katikati, na njia waliyoipata ilikuwa rahisi mno.

Wageni wakifika, dada atambipu mdogo wake mara moja. Simu itatetemeka mfukoni, naye ataikata bila hata kuitoa, kisha atalizima sikio la nyumba ile kwenye skrini na kuandika sababu: kelele za nyumbani. Wageni wakitoka, dada atabipu mara mbili, sikio lifunguliwe. Masikio mengine yapo, mdogo mtu alisema, moja likisinzia haliharibu shughuli.

Na ikaenda. Ikaenda vizuri hadi ikawa mzaha wa mtaa mzima. Mtu akifika mlangoni anauliza kwanza, "Mmeshamlaza mtoto?" Mama Sebule anabipu, anasema amelala, na soga linaanza. Mdogo wake naye alikuwa amepata utaalamu wa kuchekesha: kwa kuangalia mistari aliweza kumtambua mtu kwa hatua zake. Akija kula kwa dada yake alikuwa anawaumbua. Anamwambia mjomba wao kwamba jana aliingia kabla dada hajabipu, alimwona kwa mguu ule anaouburuta. Anamwambia Fundi kwamba cherehani yake kwenye skrini ni kama mvua ndogo isiyokatika, na ikikatika anajua Fundi amesimama kuja kuomba umbea. Walicheka. Dada mtu alikuwa anamwangalia mdogo wake akicheka na kuona kazi yake ya kulea imekamilika.

Siku yenyewe ilikuwa ya kusukuma maji, ni mchana, na mtaa ulikuwa mtupu. Watu wote walikuwa wameondoka na basi la kukodi kwenda kwenye harusi, hadi mjomba na mguu wake. Mama Sebule alibaki kwa sababu goti lilikuwa limemvimba. Aliketi ameliweka juu ya stuli, akijionea huruma. Fundi alibaki kwa sababu nguo ya bibi harusi ya siku ya pili ilikuwa haijaisha. Kupitia ukutani cherehani ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda.

Kwanza vikombe vililia kabatini. Mama Sebule alivitazama, navyo vikanyamaza. Kisha maji kwenye glasi yake yakachora duara, na duara ndani ya duara, wakati hakuna aliyeigusa meza. Halafu ikaja sauti kutoka chini, nzito, ya kuvuta, kama mtu anaburuta kabati katika chumba cha chini ambacho nyumba ile haikuwa nacho. Aligonga ukuta akamwuliza Fundi kama amesikia. Fundi alijibu kwamba ni malori ya kampuni, na asimsumbue, ameshika pindo.

Kabati likaburutwa tena. Safari hii Mama Sebule aliisikia kwenye mfupa wa goti.

Akachukua simu akampigia mdogo wake. Ililia kidogo, ikakatwa. Moyo wake ukatulia, akidhani anamkata ili ampigie yeye. Alikaa na simu mkononi. Akangoja. Na hapo ndipo alipoelewa. Kule juu mdogo wake amesikia mfuko umetetemeka mara moja. Amesema moyoni, haya, dada naye na wageni wake. Amelizima sikio.

Alipiga tena, na tena. Simu ilikuwa imefungwa. Baadaye alikuja kuambiwa kwamba Mhandisi Mkuu ndiyo kwanza alikuwa ameingia chumba cha mitambo, na simu humo ni marufuku. Namba ya dharura ya kampuni ilikuwepo, kwenye karatasi iliyobandikwa mlango wa stoo. Alijikokota hadi pale akakuta kimebaki kipande cha juu chenye nembo. Chini yote kulikuwa kumechanwa. Wageni wake, miezi yote ile, walikuwa wanachana vipande na kuandikiana namba zao za simu.

Akatoka nje anachechemea, akashika nguzo ya mlango wa Fundi. Alimwambia atoke. Fundi alikuwa ameinama, mkono wa kulia unaisukuma hariri chini ya sindano, wala hakuinua uso. Alisema anamalizia, bado pindo la kiganja kimoja tu.

Mtikisiko wenyewe haukudumu. Hata chafya ya mtu huchukua muda mrefu kuliko ule. Ila ukuta ule, waliougawana miaka yote, ulijaa tumbo mbele ya macho ya Mama Sebule kama mtu anayevuta pumzi, ukamwagikia upande wa cherehani.

Fundi hakufa. Watu walilirudia hilo sana, kama vile lilikuwa zawadi. Mkono wake wa kulia ulikaa chini ya matofali na chuma cha cherehani mpaka masikio mengine yalipoiwasha taa nyekundu, pampu ikazimwa, na watu wa kampuni wakateremka wakikimbia. Hospitali waliuokoa mkono, lakini vidole vitatu walivitoa, na viwili vilivyobaki havikunji. Mkono wa kukata, kupiga pindo, kutunga shanga.

Kampuni ikaunda tume ya uchunguzi, na tume ikaita kikao kwenye ukumbi wa shule. Siku moja kabla ya kikao Mama Sebule alikwenda chumbani kwa mdogo wake. Alimkuta anapiga pasi shati. Alimwambia jambo moja tu analolitaka: kesho aseme kwamba dada yake hakuwa anabipu, alikuwa anaonya. Mdogo mtu aliendelea kupiga pasi kola ileile.

"Dada, nikisema ulikuwa unanionya, wataniuliza kwa nini nilikata simu."

"Na mimi wakiniuliza?"

"Wewe hawawezi kukufukuza kazi."

Hakulisema kwa ubaya. Na hilo ndilo lililomchoma zaidi: alilisema kwa upole, kama mtu anayepanga vyombo na kukiweka kisichovunjika chini. Mama Sebule alilitazama lile shati. Alimnunulia yeye.

Kikaoni mambo hayakuchukua muda. Skrini ilionyesha sikio la stoo lilizimwa muda mfupi kabla ya mtikisiko, sababu kelele za nyumbani. Mdogo mtu alisimama na shati lake lililonyooka akasema kwamba mwenye nyumba ndiye alikuwa anatoa dalili ya kuwapo wageni, na siku ile alitoa dalili. Hakuongeza uongo hata mmoja. Akaketi. Mama Sebule alisimama bila kuitwa akasema siku ile hakukuwa na mgeni, alikuwa peke yake na goti lake, na alipiga simu kwa sababu ardhi ilikuwa inanguruma.

Mhandisi Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akamwuliza, kwa sauti ileile ya taratibu, kama na siku nyingine zote zilizoandikwa kelele alikuwa peke yake.

Aligeuka akautazama ukumbi. Wote walikuwapo: wanawake wa kikundi, mume na mke aliowapatanisha, vijana waliotazama mpira kwenye makochi yake na kumvunjia stuli. Kila mtu alikuwa anaangalia viatu vyake kana kwamba vimenunuliwa leo. Ndipo mjomba, mjomba mwenyewe, kutoka kiti cha nyuma, akasema si kwa kumtuhumu bali kwa kuupata ukweli, "Jamani, nyumba ile lini iliwahi kuwa tupu?"

Wapo waliocheka. Ilikuwa inachekesha, kwa kweli. Tume ikaandika kwamba chombo kilitiwa uziwi na mwenendo wa kaya, mdogo mtu akapewa onyo, na kazi ikasimamishwa kwa muda.

Hakuna aliyemgombeza Mama Sebule. Angalau ugomvi una kelele. Watu walianza tu kuwa na haraka. Wakikutana naye walikuwa wanapita, wamechelewa, wameacha kitu jikoni. Kikundi kilihamia nyumba ya chini, yenye sebule ndogo na kochi moja. Jioni alichemsha chai ya watu wengi kwa mazoea, akaimwaga, akachemsha tena kesho yake.

Alimwendea Fundi. Alimkuta kakaa karibu na cherehani iliyofunikwa shuka, mkono uko mapajani kama kitu alichopewa kumshikia mtu. Walisalimiana. Walizungumzia dawa, na bibi harusi, ambaye alivaa nguo ya kuazima. Kisha Fundi akasema mwenyewe.

"Najua ulikuwa peke yako. Nilikuwa nasikia hadi unavyoguna na goti."

"Sasa mbona ukumbini ulinyamaza?"

"Ningesema nini, mwenzangu? Kwamba siku moja umetulia? Siku nyingine zote nani alikuwa katikati ya sebule anakata kiuno, si mimi? Nani alisema mlazeni mtoto?" Aliutazama mkono. "Nikikutoa wewe kwenye kesi, naingia mimi. Na huu mkono siwezi kuulilia na kuushtaki kwa wakati mmoja. Nenda kwanza. Usije tena mpaka nikuite."

Hajamwita mpaka leo.

Kampuni ilijenga upya ule ukuta, wa zege, mnene, wenye nondo. Kazi nzuri. Haupitishi hata kikohozi.

Miezi ikapita, taa za mtaa zikaendelea kukatika jioni, na serikali ikasema umeme wa mwamba bado unahitajika. Kampuni ikaruhusiwa kurudi, safari hii maji yasukumwe polepole na masikio yapangwe upya. Fundi wa masikio, wa ndevu zile zile, akabisha hodi. Alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akipima kelele za sakafu, na alionekana kuona aibu kwa jibu alilopata. Alisema hakuna nyumba tulivu kama hii. Akaongeza kwamba hata kiongozi mpya wa zamu ameipendekeza. Hakumtaja kiongozi huyo. Alijua Mama Sebule anajua ni mdogo wake.

Akauliza, maana fomu yake ilimlazimu, kuhusu wageni.

"Hawaji," Mama Sebule alisema. "Weka."

Angeweza kumfukuza, na alilifikiria hilo alipokuwa anamwona akiinua kigae. Lakini nyuma ya zege lile Fundi alikuwa amekaa na vidole vyake viwili, juu ya jiwe lilelile. Sikio likiwa macho hapa, angalau safari hii hawatakuwa na kelele ya kusingizia.

Siku ya kwanza ya kusukuma maji aliweka birika la umeme jikoni, akakaa kwenye kochi la katikati, lile la mahakama. Kule juu mdogo wake alikuwa kwenye kiti chake. Alijua jinsi anavyokaa, kidevu juu ya ngumi, tangu akiwa anafanya hesabu za shule chini ya meza hii hii. Kila hatua atakayopiga kwenda jikoni itapanda kwenye mstari, naye ataitambua: huyo dada, anapendelea mguu wa kushoto, goti halijapona.

Simu ikatetemeka juu ya meza. Mara moja, ikakatika. Aliitazama. Ilikuwa namba ya mdogo wake. Katika lugha yao ya zamani hiyo ilimaanisha wageni wamefika, na hapakuwa na mgeni wala wa kumtuma amlete. Labda alikuwa anauliza hali. Labda alikuwa anaomba kitu, kwa namna ya watu wasiotaka kuambiwa wameomba.

Ikatetemeka tena. Mara ya pili: wageni wametoka, sikio lifunguliwe.

Mama Sebule aliinua mguu mmoja akauweka juu ya kochi, taratibu, akaufuatisha wa pili, wenye goti, akaukunja chini yake, hata kisigino kisiguse sakafu. Akajizuia asikohoe, asimpe hata mstari mmoja wa kusoma. Jikoni birika lilianza kuimba, likachemka, likatikisika, likajizima lenyewe, na yeye hakuinuka.